Uchambuzi wa kisa: hesabu sahihi, dozi zisizo sahihi, kwa mtoto wa kilo 9.2

Kisa hiki ni cha zoezi la maabara ya ujuzi. Mgonjwa ni mwanasesere na ampuli zimejazwa maji, ila lebo, chati na sirinji ni zilezile zinazotumika wodini. Mwanafunzi wa uuguzi alipewa maagizo manne ya mtoto mmoja. Kwenye karatasi hakukosea hata tarakimu moja. Alipogeukia trei akaandaa dozi nne, na hakuna hata moja iliyolingana na agizo. Kosa moja lilikuwa dogo, mawili yangeweza kumdhuru mtoto, na moja lingemnyima dawa kidogo kidogo bila mtu yeyote kugundua.

Makosa ya aina hii hayaponyeki kwa kumwambia mwanafunzi arudie kujumlisha na kugawanya. Hesabu za dozi za watoto ni za shule ya msingi. Ugumu wake uko pande mbili za hesabu yenyewe: namba inatoka wapi kabla ya kuingia kwenye karatasi, na inakwenda wapi ikishatoka.

Mgonjwa, maagizo na trei

Mtoto wa kike wa miezi 17 amelazwa kwa nimonia kali. Fomu ya mapokezi imeandikwa uzito 20.3, bila kipimo. Chati ya wodi imeandikwa 9.2 kg. Maagizo ni haya:

- Ampisilini 200 mg/kg kwa siku, kwenye mshipa, igawanywe mara 4.
- Jentamisini 7.5 mg/kg, kwenye mshipa, mara 1 kwa siku.
- Parasetamoli 15 mg/kg kwa mdomo, homa ikifika 39 °C na kumsumbua. Dozi zipishane kwa saa 6 au zaidi, zisizidi 4 kwa siku.
- Dripu: theluthi mbili ya kiwango cha kawaida cha maji ya siku kwa uzito wake.

Kwenye trei kuna vichupa vya unga wa ampisilini 500 mg, ambavyo lebo yake inaelekeza kuongeza maji ya sindano 2.1 ml ili kupata 2.5 ml. Kuna ampuli 3 za jentamisini 20 mg/2 ml, na boksi lililojaa ampuli za jentamisini 80 mg/2 ml. Kuna parasetamoli ya maji ya 120 mg/5 ml, na pembeni yake matone ya watoto wachanga ya 100 mg/ml. Kuna seti mbili za dripu, moja ya matone 20 kwa ml na nyingine ya matone 60 kwa ml yenye bureti, yaani chombo chenye mistari kinachoshika maji kidogo kwa wakati. Sirinji ni za 1 ml, 3 ml, 5 ml na 10 ml.

Trei imepangwa kwa mitego, ndiyo. Lakini kila mtego uliomo ni kitu cha kawaida kwenye kabati la dawa la wodi ya watoto.

Alichoandika mwanafunzi

Ampisilini: 200 × 9.2 = 1,840 mg kwa siku; ÷ 4 = 460 mg kwa dozi; ukolezi (kiasi cha dawa ndani ya kila ml) 500 mg/2.5 ml, yaani 200 mg/ml, ujazo 2.3 ml.

Jentamisini: 7.5 × 9.2 = 69 mg; ukolezi 20 mg/2 ml, yaani 10 mg/ml; ujazo 6.9 ml.

Parasetamoli: 15 × 9.2 = 138 mg; ukolezi 24 mg/ml; ujazo 5.75 ml.

Dripu: 100 ml × 9.2 = 920 ml kwa siku; theluthi mbili ni 613 ml; ÷ 24 = 25.6 ml kwa saa. Matone 26 kwa dakika.

Mkufunzi akisahihisha karatasi hii peke yake atampa alama zote. Ndiyo maana mazoezi ya karatasi tupu, hata yakirudiwa mara mia, hayatoshi.

Uzito: amepatia, lakini kwa bahati

Mwanafunzi alitumia 9.2 kg. Alipoulizwa kwa nini hakutumia 20.3, alijibu kwamba chati ya wodi ndiyo aliyoikuta juu. Hilo si jibu.

Jibu ni hili: 20.3 ni uzito uleule kwa pauni. Kilo 1 ni pauni 2.2, na 20.3 ÷ 2.2 inatoa 9.2. Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe cha kubadili kipimo, na kikiguswa kwa bahati mbaya, namba inayosomeka haina la kukuonya. Kama 20.3 ingechukuliwa kuwa kilo, dozi za dawa zote tatu zingeongezeka zaidi ya mara mbili kwa mkupuo mmoja, jentamisini ikifika 152 mg. Kosa la uzito ndilo baya kuliko yote kwa sababu linaambukiza kila hesabu inayofuata, na uwiano kati ya dozi unabaki mzuri kiasi kwamba hakuna inayoonekana imejitenga na wenzake.

Kinga yake ni kadirio la umri. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10, chukua umri kwa miaka, ongeza 4, zidisha kwa 2. Miezi 17 ni mwaka 1.4, kwa hiyo tunatarajia karibu kilo 11. Mtoto mgonjwa au mwembamba akiwa na 9.2 hashangazi. Mtoto wa miezi 17 mwenye kilo 20 anashangaza, na hapo unarudi kwenye mizani. Kadirio hilo ni la kukagua tu. Mizani ikiwapo, dozi haitolewi kwa kadirio.

Jambo lingine dogo: uzito haukadiriwi kwa urahisi wa hesabu. Wapo wanaofanya 9.2 kuwa 10 ili wahesabu kichwani. Jentamisini hapo inakuwa 75 mg badala ya 69, ziada ya karibu asilimia 9, kabla hata hujashika sirinji. Kukadiria ni mwishoni, mara moja, kwenye ujazo.

Jentamisini: ujazo sahihi, dawa isiyo sahihi

Hapa ndipo penye uzito wa kisa chote.

Mwanafunzi alihesabu kwa ampuli ya kwanza aliyoiona, ile ya 20 mg/2 ml, na 6.9 ml ikawa sahihi kwa ampuli hiyo. Akavunja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sirinji ya 10 ml ikasoma 6 ml. Ampuli za 20 mg zikawa zimeisha. Akafungua boksi la pili, ambalo lina jina lilelile, ampuli ya ukubwa uleule na ujazo uleule wa 2 ml, akavuta 0.9 ml iliyobaki. Sirinji ikasoma 6.9 ml, kama karatasi inavyosema.

Sasa tuhesabu kilichomo. Ampuli 3 za kwanza zimetoa 60 mg. Hiyo 0.9 ml ya mwisho imetoka kwenye dawa ya 40 mg/ml, kwa hiyo ni 36 mg. Jumla ni 96 mg badala ya 69, sawa na 10.4 mg/kg badala ya 7.5. Ziada ni asilimia 39.

Angalia jinsi kosa hili linavyojificha. Msimamizi aliyeitwa kuhakikisha alitazama karatasi, akaona 6.9 ml, akatazama sirinji, akaona 6.9 ml, akatazama trei, akaona ampuli 4 za jentamisini zilizovunjwa, idadi ileile anayoitarajia mtu mwenye 6.9 ml kwenye ampuli za 2 ml. Akaafiki. Kila kitu kililingana isipokuwa miligramu, na miligramu hazionekani kwa macho.

Na hili halikuwa toleo baya kuliko yote. Kama trei ingekuwa na boksi la 80 mg peke yake na mwanafunzi akabaki na 6.9 ml yake, mtoto angepata 276 mg, mara 4 ya dozi. Jentamisini ni dawa inayodhuru figo na sikio la ndani ikizidi, na usikivu uliopotea kwa dawa hii kwa kawaida haurudi.

Njia sahihi ilikuwa kuanzia kwenye agizo, kisha kuchagua ampuli inayofaa, ndipo kuhesabu. Agizo ni 69 mg. Ampuli moja ya 80 mg inatosha na kubaki. Ukolezi ni 80 ÷ 2 = 40 mg/ml, ujazo ni 69 ÷ 40 = 1.725 ml. Kwenye sirinji ya 3 ml yenye mistari ya 0.1 ml, unavuta 1.7 ml. Hiyo ni 68 mg, pungufu kwa 1 mg tu. Tunakadiria kwenda chini kwa sababu dawa hii ina sumu karibu na dozi yake. Mabaki ya 12 mg yanatupwa, hayawekwi kwa mtoto wa kitanda cha pili.

Kuna mwanafunzi atakayesema: je, 80 mg/2 ml, nikigawanya 69 kwa 80 napata 0.86, si basi? Hiyo ni njia nyingine ya kupotea. 0.86 ni sehemu ya ampuli, bado haijawa ujazo. Lazima uizidishe kwa 2 ml. Anayesahau hatua hiyo anatoa nusu ya dozi, na nusu dozi ya kiuavijasumu kwa mtoto mwenye nimonia kali ni hatari ya aina yake. Dawa ya kosa hili ni kuandika vipimo kila mstari. Ukiandika "69 mg ÷ 40 mg kwa ml", mg zinafutana na kinachobaki ni ml. Ukiandika "69 mg ÷ 80 mg", kinachobaki hakina kipimo, na jibu lisilo na kipimo haliingii kwenye sirinji.

Kanuni mbili tunazitoa hapa bila kubembeleza. Dozi moja haitengenezwi kwa ampuli za nguvu mbili tofauti. Zikiisha katikati, tupa, anza upya kwa hesabu mpya. Na ujazo kwenye chati hauandikwi peke yake. Usiandike "jentamisini 6.9 ml". Andika "jentamisini 69 mg = 1.7 ml ya 40 mg/ml". Namba ya ml bila ukolezi wake haina maana yoyote, hata kama imepigiwa mstari mara mbili.

Tena, kama njia ingekuwa msuli badala ya mshipa, 6.9 ml ingejifichua yenyewe. Kwa mtoto wa umri huu sindano ya msuli wa paja haizidi 1 ml hivi kwa sehemu moja. Hata 1.7 ml ingegawanywa sehemu mbili.

Ampisilini: maji ya ziada ambayo hakuna aliyeyaona

Mwanafunzi alikwepa mtego mkubwa wa agizo hili, na apongezwe. Agizo limetaja mg/kg kwa siku, si kwa dozi. Asiyegawanya kwa 4 anatoa 1,840 mg kwa mkupuo. Dalili ya nje ya kosa hilo ni vichupa: 1,840 mg ni vichupa 3.7 vya 500 mg, kila baada ya saa 6, kwa mtoto wa kilo 9. Ukijikuta unavunja kichupa cha tatu kwa mtoto mdogo, simama, hesabu upya tangu mwanzo. Mara nyingi dozi ya mtoto wa umri huu ni sehemu ya kichupa kimoja.

Alikokosea ni kwenye kuchanganya. Lebo inasema ongeza 2.1 ml upate 2.5 ml. Yeye alisoma "2.5 ml" na akaongeza 2.5 ml.

Unga una ujazo wake. Ukiyeyuka haupotei, katika kichupa hiki unachukua 0.4 ml. Kwa hiyo 2.5 ml za maji zimetoa 2.9 ml za dawa, na ukolezi umeshuka kutoka 200 mg/ml hadi 172 mg/ml. Akavuta 2.3 ml kama karatasi ilivyosema, akapata 397 mg. Pungufu ya 63 mg, karibu asilimia 14. Kwa siku 5 za matibabu ni dozi 20, zote pungufu kwa kiasi hicho, na hakuna kengele itakayolia. Mtoto atachelewa kupata nafuu na lawama itapewa kiuavijasumu.

Muuguzi aliyezoea wodi ya watu wazima anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuliona hili, kwa sababu mtu mzima anapewa kichupa kizima. Ukimwaga kichupa chote, 500 mg ni 500 mg, uwe umeongeza 2.1 ml au 5 ml. Nafasi ya unga inaleta shida pale tu unapotoa sehemu ya kichupa, yaani karibu kila siku kwa watoto.

Ujazo huo hutofautiana kwa dawa, kwa nguvu ya kichupa na kwa mtengenezaji, kwa hiyo 0.4 ml haikaririwi. Isome kwenye lebo au kipeperushi cha kichupa ulichoshika. Maabara ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili kwa macho: chukua kichupa cha unga wowote wa sindano uliopita muda wake, ongeza 5 ml kamili za maji, tikisa hadi unga wote uyeyuke, kisha vuta yote kwa sirinji ya 10 ml. Sirinji itasoma zaidi ya 5. Ile ziada ndiyo tunayoizungumzia.

Sirinji nayo ina neno. Kwenye sirinji ya 5 ml mistari inapishana kwa 0.2 ml, kwa hiyo 2.3 inaangukia katikati ya 2.2 na 2.4, mahali ambapo kila jicho linasoma lake. Sirinji ya 3 ml ina mstari wa 2.3. Chagua sirinji ndogo kuliko zote inayotosha ujazo wako, na usome kwenye ukingo wa juu wa mpira, ule unaogusa dawa.

Ampisilini inasukumwa polepole, dakika 3 hadi 5 kwa kiasi hiki, kwa kuwa ikiingia kwa kasi inaweza kuleta degedege. Halafu isikutanishwe na jentamisini kwenye sirinji moja wala kwenye mrija mmoja kwa wakati mmoja, maana penisilini huidhoofisha jentamisini. Safisha kanula, ule mrija mdogo unaokaa kwenye mshipa, kwa maji ya chumvi 0.9% kati ya dawa mbili. Saa za dozi ziandikwe kwa mfumo wa saa 24: 06:00, 12:00, 18:00, 00:00. "Saa 12" kwenye chati imeshawachanganya wengi kati ya adhuhuri na alfajiri.

Parasetamoli: kosa dogo, tabia kubwa

5.75 ml haipimiki kwa sirinji ya 10 ml yenye mistari ya 0.2. Mwanafunzi aliona hivyo, akavuta 6 ml "kwa urahisi". Hiyo ni 144 mg, au 15.7 mg/kg. Mtoto hatadhurika kwa dozi moja ya namna hiyo. Ila dozi inayokubalika ni 10 hadi 15 mg/kg, na yeye tayari alikuwa kwenye dari. Ukiwa kwenye dari unakadiria kwenda chini: 5.6 ml, yaani 134 mg, ambayo ni 14.6 mg/kg na ina mstari wake kwenye sirinji.

Chupa ya matone iliyokuwa pembeni hakuigusa. Angeigusa, 5.6 ml za 100 mg/ml ni 560 mg, dozi ya siku nzima kwa mnywo mmoja. Nchini Marekani watengenezaji walianza mwaka 2011 kuondoa matone yenye ukolezi mkubwa na kubakiza 160 mg/5 ml kwa watoto wote, hasa kwa sababu ya mkanganyiko huu. Kwingineko chupa zote mbili bado zinakaa rafu moja, kwa hiyo soma ukolezi, sio picha ya mtoto kwenye boksi.

Dawa za mdomo zivutwe kwa sirinji ya mdomo, ile isiyoingia kwenye kanula. Parasetamoli ya maji iliyowekwa kwenye sirinji ya kawaida kando ya sirinji za mshipa ni ajali inayosubiri mtu mwenye haraka.

Dripu: matone ya seti nyingine

Hesabu ya maji inafuata kanuni ya Holliday na Segar ya mwaka 1957: 100 ml kwa kila kilo kwa kilo 10 za kwanza, 50 ml kwa kila kilo kwa 10 zinazofuata, 20 ml kwa kila kilo baada ya hapo. Mtoto wetu hajafika 10, kwa hiyo ni mstari wa kwanza tu. Daktari ameagiza theluthi mbili kwa kuwa baadhi ya watoto wenye nimonia kali huzuia maji mwilini, na maji yakizidi yanaongeza shida ya kupumua.

25.6 ml kwa saa ni sahihi. Matone 26 kwa dakika ni sahihi pia, kwa seti ya matone 60, kwa sababu 60 za matone na dakika 60 za saa zinafutana: ml kwa saa na matone kwa dakika zinakuwa namba moja. Urahisi huo ndio uliomponza. Amekariri kwamba namba ni ileile, akachukua seti ya matone 20 iliyokuwa karibu na mkono, akahesabu matone 26 kwa dakika akitazama saa ya mkononi, kwa uangalifu wote.

Kwa seti ya matone 20, matone 26 kwa dakika ni 78 ml kwa saa. Ni mara 3 ya agizo. Kwa siku ni 1,872 ml, zaidi ya 200 ml kwa kila kilo, kwa mtoto aliyeagizwa apunguziwe maji kwa sababu ya mapafu.

Hesabu ya seti hiyo ilitakiwa kuwa 25.6 × 20 ÷ 60 = matone 8.5 kwa dakika. Matone nusu hayapo. Ukiweka 8 unatoa 24 ml kwa saa, ukiweka 9 unatoa 27. Tofauti hiyo inavumilika. Ugumu ni kwamba kwenye mwendo wa polepole hivyo, kibano kikilegea kidogo tu kinaongeza tone moja au mawili kwa dakika, na kila tone la ziada ni 3 ml kwa saa. Kwa mtoto wa kilo 9 seti ya matone 60 yenye bureti ndiyo chaguo, na ndani ya bureti unaweka maji ya saa 2 tu, 51 ml. Hata kibano kikiachia chote, kinachoweza kuingia ni hizo 51 ml.

Ukaguzi wa dripu ambao wanafunzi hawaufanyi ni wa muda. Jiulize chupa ya 500 ml inatakiwa idumu kwa saa ngapi: 500 ÷ 25.6 ni saa 19 na nusu. Bandika utepe kwenye chupa, weka alama za saa. Kwa mwendo aliouweka mwanafunzi ingeisha kwa saa 6 na dakika 25, na alama ya saa ya kwanza tu ingetosha kusema kuna tatizo.

Namna ya kuhakikisha isiyomdanganya mtu

Turudi kwa yule msimamizi aliyeafiki 6.9 ml. Hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho wengi huita kuhakikisha: alionyeshwa jibu, akaulizwa kama ni sawa. Akili iliyokwisha kuonyeshwa jibu hulitafutia sababu.

Mhakiki wa pili hapewi jibu. Anapewa chati, kichupa au ampuli ileile iliyotumika, na karatasi nyeupe. Anasoma uzito na kipimo chake, anasoma agizo na kuuliza kama ni kwa siku au kwa dozi, anasoma ukolezi kwenye kila ampuli tupu iliyopo kwenye trei, sio moja kwa niaba ya zote. Kisha anahesabu hadi ml. Majibu yakikutana ndipo sirinji inatazamwa. Yakipishana, hakuna anayemlazimisha mwenzake kukubali. Wote wawili wanaanza upya, na wasipokubaliana anaitwa mfamasia au daktari.

Na kuna ukaguzi wa kurudi nyuma, ambao hata ukiwa peke yako unaufanya: anzia kwenye sirinji. Nina 1.7 ml, kila ml ina 40 mg, hizo ni 68 mg, mtoto ana 9.2 kg, hiyo ni 7.4 mg/kg, agizo ni 7.5. Mwanafunzi angeanza na sirinji yake ya 6.9 ml angekwama kwenye swali la pili, "kila ml ina mg ngapi?", kwa sababu sirinji ile haikuwa na jibu moja.

Kwenye uandishi, sifuri huwekwa mbele ya nukta, haiwekwi nyuma yake. Andika 0.9, usiandike .9, andika 6 ml, usiandike 6.0 ml. Nukta isipoonekana vizuri, .9 inasomwa 9 na 6.0 inasomwa 60. Kwa watoto wakubwa kumbuka pia kwamba mg/kg ina mwisho: mtoto wa kilo 70 hapewi parasetamoli 1,050 mg, kwa kuwa dozi moja haipiti ya mtu mzima, 1 g.

Zoezi la pili, mtoto yuleyule

Usibadilishe namba zote; badilisha lebo. Siku mbili baadaye mtoto ana 8.9 kg. Ampisilini sasa imechanganywa hadi ujazo wa jumla wa 5 ml kwa kichupa cha 500 mg. Jentamisini iliyopo ni ya 20 mg/2 ml peke yake, boksi zima. Parasetamoli ni ya 250 mg/5 ml. Seti zilizobaki ni za matone 20. Maagizo hayajabadilika.

Ampisilini ni 445 mg. Kwa 100 mg/ml ni 4.45 ml; kwenye sirinji ya 5 ml vuta 4.4 ml. Parasetamoli ni 133.5 mg, kwa 50 mg/ml ni 2.67 ml, sirinji ya mdomo ya 3 ml, 2.6 ml. Dripu ni 593 ml kwa siku, 24.7 ml kwa saa, matone 8 kwa dakika, na seti ya matone 60 ifuatiliwe kwenye stoo mara moja.

Jentamisini ni 66.75 mg, kwa 10 mg/ml ni 6.675 ml, sirinji ya 10 ml, vuta 6.6 ml. Hizo ni ampuli 4. Mwanafunzi aliyeshika somo la vichupa vingi atasimama hapa, atahesabu tena, atasoma lebo za ampuli zote 4 moja baada ya nyingine, na safari hii atakuta ni sahihi.